Sahihi ya Miaka 30: Walichobeba Watu wa Skimu ya Ndalu

Mwanamume aliyepewa ploti katika skimu ya makazi ya Ndalu mwaka 1964 akiwa na miaka 35 aliweka sahihi yake, au dole gumba, kwenye karatasi zilizosema kwamba malipo ya mwisho ya shamba hilo yangefanyika mwaka 1994. Siku hiyo angekuwa na miaka 65. Enzi hizo wastani wa umri wa kuishi nchini Kenya ulikuwa karibu miaka 50, na hata ukiwaweka kando watoto wachanga ambao vifo vyao viliushusha wastani huo, kufika miaka 65 hakukuwa jambo la kuwekea hesabu. Serikali ilimkopesha mtu ambaye huenda asingekuwepo deni likiisha. Naye alikubali, akafunga mizigo, akahamia.

Uamuzi huo unastahili kutazamwa upya sasa, kwa sababu waliouchukua wanazidi kutuaga na wajukuu wao wanaishi katika nchi ambayo simu ya mkononi inawaalika kukopa kila siku. Neno deni ni lile lile. Lakini deni la siku 14 na deni la miaka 30 ni vitu viwili tofauti kabisa, na tofauti yake haiko kwenye kiasi cha fedha pekee.

Ndalu iko katika eneo bunge la Tongaren, Kaunti ya Bungoma, upande unaopakana na Trans Nzoia. Mtu wa Ndalu akitaka hospitali kubwa, vipuri vya trekta au soko la kuuzia mahindi kwa wingi, mara nyingi huelekea Kitale, kwa kuwa iko karibu. Akitaka kadhi, gavana au ofisi ya kaunti, anashuka Bungoma. Hali hii ya kuwa na miji miwili haikuzuka hivi hivi. Kabla ya Uhuru ardhi hii ilihesabiwa katika mashamba ya masetla, na masetla wa eneo hili waliutazama mji wa Kitale, mahali ambapo reli ilifika mwaka 1926. Wengi wao walikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati serikali ya kikoloni ilipowagawia wanajeshi wastaafu ardhi kupitia mpango wa mwaka 1919.

Hapa kuna jambo ambalo ni vigumu kulipita haraka. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 ilimpa setla mkataba wa miaka 999. Yaani mtu aliyeandikishiwa shamba katika miaka ya 1920 aliahidiwa kwamba kizazi chake kingelishika hadi baada ya mwaka 2900. Waafrika waliokuwa wakiishi hapo waligeuzwa maskwota, wakawa wanalima vipande vidogo kwa ruhusa na kulipa kwa jasho lao katika shamba la mwenye mkataba. Miaka 999 kwa mmoja, na kwa mwingine ruhusa ambayo ingeweza kufutwa asubuhi yoyote. Katika miaka ya 1940 Elijah Masinde na wafuasi wa Dini ya Msambwa walipita katika nchi ya Wabukusu wakisema wazi kwamba mzungu aondoke, na serikali ikaipiga marufuku dini hiyo mwaka 1948. Ukitaka kuelewa kwa nini watu waliipokea loni ya miaka 30 bila kuogopa urefu wake, anzia hapo. Kwa mtu aliyezoea kuishi kwa ruhusa ya mwenzake, ahadi ya miaka 30 iliyoandikwa kwa jina lake mwenyewe ilikuwa kitu kipya duniani.

Mpango wenyewe ulijulikana kama Mpango wa Ekari Milioni Moja. Ulitangazwa mwaka 1962, Uhuru ukikaribia na masetla wakianza kuuliza nani atanunua mashamba yao. Fedha zilitoka hasa Uingereza, sehemu kama msaada na sehemu kama mkopo, na wakopeshaji wengine kama Benki ya Dunia walichangia katika baadhi ya skimu. Mashamba yalinunuliwa kutoka kwa masetla kwa bei iliyokadiriwa kwa kufuata thamani ya mwaka 1959, yakakatwa ploti, kisha yakauzwa kwa Waafrika kwa mkopo. Mfuko uliosimamia mikopo hiyo uliitwa Wadhamini wa Hazina ya Makazi, na kila mtu wa skimu aliujua kwa herufi zake tatu za Kiingereza, SFT. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970, familia kama 35,000 zilikuwa zimewekwa kwenye zaidi ya ekari milioni moja, kuanzia Kinangop hadi Lugari, Tongaren na Ndalu.

Ipime namba hiyo kwa kipimo cha leo. Takwimu za Benki Kuu zinaonyesha kwamba mikopo ya nyumba ya muda mrefu inayolipwa katika mabenki yote ya Kenya, nchi yenye watu zaidi ya milioni 50, ni karibu 30,000. Kwa maneno mengine, wakulima wadogo waliotiwa katika deni la miaka 30 miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia benki, walikuwa wengi kuliko Wakenya wanaolipia nyumba kwa mkopo wa benki hivi sasa. Tunaposema kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuaminiwa na mkopo mrefu, tunasahau kwamba nchi hii iliwahi kumwamini.

Masharti yalikuwa haya. Mkopo wa ardhi ulilipwa kwa miaka 30, kwa riba ya asilimia 6.5 kwa mwaka. Juu yake kulikuwa na mkopo wa maendeleo, wa kununua ng'ombe wa gredi, kuweka ua, kulima na kupata mbegu, ambao ulipaswa kumalizwa kwa miaka 10. Malipo yalidaiwa kila nusu mwaka.

Asilimia 6.5 inasikika kama kitu kidogo. Lakini muda ndio unaolipisha. Nimepiga hesabu kwa kugawa malipo sawasawa kila nusu mwaka, na kwa kila shilingi 1,000 za mkopo wa ardhi, malipo ni kama shilingi 38 na senti 10. Katika malipo ya kwanza, shilingi 32 na senti 50 ni riba. Linalopunguza deni lenyewe ni shilingi tano na ushee. Baada ya miaka 10 mkulima ametoa kama shilingi 762, na bado anadaiwa kama 846. Baada ya miaka 20 ametoa kama 1,524, na bado anadaiwa kama 554. Akimaliza, kila shilingi 1,000 aliyokopa imemtoa kama shilingi 2,285. Sidhani kama wengi waliotia sahihi walionyeshwa hesabu hii kwa utulivu, mstari kwa mstari. Na mtu ambaye hakuonyeshwa, akilipa miaka 10 bila kukosa kisha akaambiwa deni limepungua kidogo tu, ana haki ya kudhani ameibiwa hata pale ambapo hesabu ni sahihi. Uchungu mwingi uliosikika katika skimu za nchi hii dhidi ya SFT ulitokana na pengo hilo la maelezo.

Kulikuwa na swali lililo chini ya hesabu zote. Kwa nini mtu anunue ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa babu zake? Bildad Kaggia, aliyeshtakiwa pamoja na Jomo Kenyatta kule Kapenguria, mwendo mfupi kutoka Kitale, aliliuliza akiwa ndani ya serikali yenyewe. Alisema watu wasio na ardhi hawapaswi kutwishwa deni kwa ajili ya kitu walichonyang'anywa. Juni 1964 alilazimika kuacha wadhifa wake serikalini, na mwaka 1966 akajiunga na Jaramogi Oginga Odinga katika chama cha KPU. Kenyatta alishikilia msimamo kwamba hakuna cha bure, na serikali yake ikaendelea kukusanya malipo.

Naamini Kaggia alikuwa na haki. Mkulima wa Ndalu aliyepeleka malipo yake kila nusu mwaka alikuwa, mwisho wa yote, akisaidia kulipa fidia ya setla aliyekwisha kupanda meli. Hakuna hoja ya uchumi iliyowahi kunishawishi kwamba hilo lilikuwa sawa. Lakini pia naamini waliotia sahihi hawakuwa wajinga wala waoga. Hawakuwa na nafasi ya kusubiri mabishano ya Nairobi yaishe. Mvua za Machi hazisubiri. Ploti ilikuwa mbele yao, yenye namba, yenye mipaka iliyopimwa, na kijana wa jirani alikuwa tayari kuichukua wakisitasita. Mtu anaweza kukubali bei isiyo ya haki akijua kabisa kwamba si ya haki, kwa sababu anachonunua ni kikubwa kuliko bei. Walioingia skimu walinunua haki ya kupanda mti na kujua kwamba wao au watoto wao ndio watakaoukata.

Kosa kubwa zaidi la waliobuni mpango, kwa maoni yangu, lilikuwa katika kalenda. Katika nyanda hizi za juu mahindi hupandwa Machi na Aprili na kuvunwa Oktoba hadi Desemba. Ni msimu mmoja wa maana kwa mwaka. Deni lilidaiwa mara mbili. Mwezi wa kudaiwa katikati ya mwaka ulimkuta mkulima akiwa amemwaga kila alichonacho ardhini, ghala limebaki na magunia ya kula tu, na kama ni mwaka shufwa, familia ya Kibukusu ikijiandaa kwa tohara ya Agosti ambayo hakuna mzazi anayeikwepa. Januari nayo ilikuja na karo. Deni linaloweza kulipika kwa hesabu ya mwaka mzima linaweza kumshinda mtu kwa sababu tu linadaiwa mwezi asio na kitu.

Kilichowaokoa wengi ni maziwa. Mahindi yalileta fedha mara moja kwa mwaka, lakini ng'ombe alileta kila mwezi. Kila skimu ilikuwa na chama cha ushirika. Maziwa yalipelekwa chamani, chama kikayapeleka kiwanda cha maziwa cha KCC, na loni ikakatwa kabla ya hela kumfikia mwenye ng'ombe. Wakulima wengi waliuchukia mfumo huo wa kukatwa. Hata hivyo, uliigeuza ahadi ya miaka 30 kuwa kazi ya alfajiri: kuamka saa kumi na moja, kukamua, kubeba mkebe hadi barabarani, kila siku, mvua au jua. Bahati nyingine ilikuwa mbegu. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilikuwa imeanzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964, watu wakiwa ndiyo kwanza wanang'oa visiki katika ploti zao, mahindi chotara ya H611 yaliyozalishwa na watafiti wa Kitale yakaanza kuuzwa. Wakulima wadogo wa magharibi waliyapokea kwa kasi iliyowashangaza hata wataalamu. Watu hujiuliza kwa nini mkulima asiyesoma alikubali mbegu mpya upesi hivyo. Nadhani deni ni sehemu ya jibu. Anayedaiwa kwa miaka 30 hawezi kulima kwa mazoea.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniuma zaidi katika habari hii. Sahihi ilikuwa moja, nayo karibu siku zote ilikuwa ya mwanamume. Aliyeamka kukamua mara nyingi alikuwa mama. Waliochunga ng'ombe kabla na baada ya shule walikuwa watoto. Palizi ilifanywa na wote. Mzee alipofariki mwaka wa 12 au wa 20 wa mkopo, kama ilivyotokea katika maboma mengi, deni lilibaki pale pale, likiwa limeandikwa kwa jina la marehemu, na mjane akaendelea kulilipa kwa maziwa ya ng'ombe ambaye kwa karatasi hakuwa wake, kwa shamba ambalo kwa karatasi halikuwa lake. Alilipa kwa uaminifu, kisha siku ya kugawa ardhi akaambiwa akae kando, wanaume wazungumze.

Maana ya kuingia katika deni la muda mrefu iko hapo. Mtu anayekopa kwa siku 14 anatoa ahadi kuhusu yeye mwenyewe. Anayekopa kwa miaka 30 anatoa ahadi kuhusu watu ambao hawapo chumbani: mke ambaye pengine bado hajamwoa, mtoto ambaye hajazaliwa, kitinda mimba atakayekuta nusu ya maziwa ya utoto wake imeshauzwa kabla hajafika. Anaahidi kwa afya asiyojua kama atakuwa nayo na kwa mvua isiyo mali yake. Hakuna ubaya katika hilo. Kila mzazi anayejenga nyumba ya matofali badala ya kutafuna fedha zake anafanya vivyo hivyo. Ubaya uko katika kuwatwisha watu mzigo bila kuwaambia. Wazee wetu wengi waliichukulia loni kuwa siri ya mwenye boma. Risiti ziliwekwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda na ufunguo ukafungwa kiunoni. Walipoondoka, wengine waliacha watoto ambao hawakujua kama shamba lilikuwa limemalizwa kulipwa, limebakiza kidogo, au halikuwahi kulipwa tangu miaka ya 1970.

Malimbikizo yalikuwepo tangu mwanzo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 skimu nyingi nchini zilikuwa nyuma katika malipo, na serikali ikawa katika hali ngumu: ikiwafukuza wasiolipa inarudisha ukoloni, ikiwaachia inawaumiza waliojinyima wakalipa. Mara nyingi ilitishia, kisha ikanyamaza. Ukimya huo uliwafundisha baadhi ya watu kwamba deni la serikali huweza kuzeeka hadi likafa lenyewe. Halikufa. Lilibaki limeandikwa dhidi ya shamba. Mkopo wa SFT usipolipwa na kufutwa rasmi, hatimiliki haitoki ikiwa huru, na shamba lisilo na hatimiliki huru haliwezi kugawanywa kisheria, kuuzwa kwa amani wala kuwekwa dhamana.

Kwa sababu hiyo utakuta katika skimu za Bungoma na Trans Nzoia ardhi ambayo mashinani imeshakatwa vipande vya ekari moja moja kati ya wana na wajukuu, lakini katika rejista ya serikali bado ni ploti moja, ya mtu mmoja, aliyezikwa zamani. Wengine wameuza vipande hivyo kwa karatasi za kuandikiana mbele ya mzee wa mtaa. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inataka idhini ya bodi kwa uuzaji na ugawaji wa shamba la kilimo. Bila hiyo, mauziano hayana nguvu. Ugomvi unaoibuka baadaye mnaujua. Ndugu wanafikishana mahakamani Bungoma, Kimilili au Kitale kwa ajili ya deni ambalo lingeweza kumalizwa kwa bei ya ng'ombe wachache.

Hata mfumuko wa bei ulikuwa upande wa mkulima, na wengi hawakujua. Deni liliandikwa kwa shilingi za miaka ya 1960. Mwaka 1993 bei za bidhaa nchini zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya mwaka mmoja, na shilingi ikaporomoka. Malipo ambayo mwaka 1965 yalimtoa mtu jasho yalikuwa yamegeuka fedha ndogo kufikia mwisho wa mkopo. Aliyelipa mfululizo aliona mzigo ukipungua uzito kila mwaka ingawa namba ilibaki ile ile. Hiyo ndiyo faida ya deni refu lenye malipo yasiyobadilika, na ni faida ambayo mtu anayekopa kwa mwezi mmoja hawezi kuiona kamwe.

Tazama sasa anavyokopa mjukuu. Novemba 2012 ilikuja M-Shwari, mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Babu alitozwa asilimia 6.5 kwa mwaka. Mjukuu anatozwa zaidi ya hiyo kwa mwezi. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, nayo ya kukopa kwa simu. Novemba 2022 serikali ikaleta Hustler Fund kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, riba nafuu kweli, lakini mkopo wake wa mtu binafsi ulianza kwa muda wa siku 14. Siku 14 baada ya kupanda, mahindi ya Ndalu ndiyo kwanza yana majani matatu. Ongeza mashailoki wa mtaani wanaoshika kitambulisho na kadi ya benki, na bodaboda za mkopo zinazochukuliwa zikiwa zimebakiza malipo machache.

Sisemi mikopo hii haina kazi. Mtoto akipandwa na homa usiku, shilingi 500 za simu ni baraka. Lakini nimekaa na vijana wenye akili na nguvu ambao wana madeni sita, yote madogo, yote ya haraka, na ukiwauliza wamebaki na nini hawana cha kuonyesha. Wanakopa hapa kulipa pale. Jina likifungiwa na CRB, wanaotunza kumbukumbu za wakopaji, wanatumia laini ya ndugu. Babu yao alidaiwa kwa miaka 30, na kila malipo yalimwongezea umiliki wa udongo anaoukanyaga. Wao wanadaiwa kwa siku 30, na kila malipo yanawarudisha walipokuwa.

Haikuhitaji kuwa hivi, na ushahidi uko karibu. Shirika la One Acre Fund lilianzia hapa Bungoma mwaka 2006, likiwa na wakulima wachache, kwa kumkopesha mkulima mbegu na mbolea badala ya fedha, na kumruhusu alipe kidogo kidogo kwa kiasi anachoweza hadi mwisho wa msimu. Unaweza kulikosoa shirika hilo kwa mambo mengine. Dhamana ya kikundi, kwa mfano, imewahi kuvuruga ujirani pale mmoja anaposhindwa na wenzake wakabanwa. Lakini kalenda walielewa. Sacco za walimu, kama ile ya Bungoma ambayo leo inaitwa Ng'arisha, nazo zimejenga nyumba na kusomesha watoto kwa miaka mingi, kwa sababu anayekopa anaweka akiba kwanza, wadhamini wake wanamjua, na muda wa kulipa unalingana na mshahara wake. Kinachohitajika ni mkopo wenye umri wa kitu kinachonunuliwa. Mbolea ni ya msimu, basi mkopo wake uwe wa msimu. Ng'ombe wa maziwa ni wa miaka, na mkopo wake uwe wa miaka. Kununua kitu cha miaka 20 kwa deni la mwezi mmoja ni kujitafutia fedheha, na kununua kitu cha wiki moja kwa deni la miaka mitano ni vibaya zaidi.

Serikali pia inatia sahihi ndefu. Mwaka 2025 kiwanda cha sukari cha Nzoia, ambacho kiliwekwa Bungoma katika miaka ya 1970 na kikalea familia nyingi za wakulima wa miwa, kilikodishwa kwa kampuni binafsi kwa miaka 30. Mjadala ulikuwa mkali. Nilifuatilia hoja za pande zote, na lililonigusa ni lile lile la skimu: mtoto anayezaliwa leo Bukembe, kilipo kiwanda hicho, atakuwa mtu mzima mwenye familia kabla mkataba huo haujaisha. Wananchi wana haki ya kuusoma ukurasa kwa ukurasa, kwa lugha wanayoielewa. Aliyetia sahihi kwa niaba yao hatakuwa ofisini siku ya kuhesabu.

Sheria za leo zimejifunza kidogo kutokana na yaliyopita. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka ridhaa ya mume au mke kabla ya makao ya ndoa kuwekwa rehani. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, inamtambua mjane na inawatambua mabinti. Lakini sheria haiingii chini ya kitanda kufungua sanduku la bati. Bado kuna waume wanaomletea mke fomu ya benki jioni, wakati chakula kiko mezani, na kumwonyesha mahali pa kuweka sahihi bila kumwachia muda wa kusoma. Mama, usiweke. Omba siku tatu. Deni la miaka 15 linaweza kusubiri siku tatu.

Na kwenu watu wa skimu, wa Ndalu, Tongaren, Naitiri, Lugari na ng'ambo ya mpaka katika Trans Nzoia, nina ombi la moja kwa moja. Kama mzee aliyepewa ploti bado yuko hai, kaeni naye mwezi huu. Mwombeni barua ya ugawaji na risiti zote, hata zilizoliwa na mchwa, mzipige picha. Nendeni ofisi ya usajili wa ardhi na namba ya ploti, muombe upekuzi rasmi, mjue kama kuna deni lililoandikwa dhidi ya shamba. Likiwepo, nendeni ofisi ya makazi, muulize limebaki kiasi gani kwa Bodi ya Wadhamini wa Hazina ya Makazi ya Ardhi, ambayo imechukua nafasi ya SFT, mlipe, na msiondoke bila karatasi ya kulifuta. Kama mzee alishafariki, anzeni mirathi mahakamani sasa, na majina ya mama na ya dada zenu yawe kwenye orodha tangu siku ya kwanza.

Bodi hiyo nayo itoe daftari lake wazi, skimu kwa skimu, ploti kwa ploti, libandikwe katika ofisi ya chifu mahali kila mtu anapoweza kulisoma. Mikopo ya mwaka 1964 ilipaswa kwisha mwaka 1994. Zaidi ya miaka 30 mingine imepita tangu wakati huo, na kuna familia ambazo hadi leo hazijaambiwa zinadaiwa shilingi ngapi.